Mtandao wa Chumba cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Intaneti imeingia nyumbani. Naandika kwa kalamu nzuri.

Fundi wa kampuni alikuja saa nne, ngazi begani. Akatoboa ukuta wa sebule kando ya dirisha, akapitisha waya mwembamba kuliko uzi ninaoshonea mapazia mazito, akauchomeka kwenye kisanduku cheupe anachokiita ruta. Nikamwambia uzi huo hauna tundu, sasa hizo video zitapita wapi? Akasema ndani yake ni kioo, na kinachopita ni mwanga. Mwanga, ndani ya uzi. Nikakaa kwenye kiti cha cherehani, nikainua uzi wangu mwenyewe dirishani kutafuta mwanga ndani yake.

Taa nne za kijani zikawaka. Simu yangu, ambayo haijaunganishwa na kitu chochote, ikaonyesha tembo wakioga mtoni. Nikasogea mlangoni. Tembo wanaoga. Nikajificha nyuma ya majora ya vitambaa. Wanaoga tu. Kitu hicho kilikuwa kinapita kwenye mbao, kwenye pamba, labda na kifuani kwangu, na hakiachi alama. Nimeshona mapazia miaka thelathini. Sijawahi kuona kitu kinachopenya kitambaa bila kuacha tundu.

Haya yote ni kwa ajili ya mama mkwe. Tangu avunjike nyonga yuko kitandani, chumba cha mwisho. Mdogo wake anaishi nchi ya mbali, hawajaonana miaka ishirini na sita. Sasa huyo mdogo jicho moja limeshazimika na la pili linafifia. Jumapili anafanyiwa upasuaji, na madaktari hawakumwahidi kitu. Kwa hiyo Jumamosi saa kumi alasiri atapiga simu ya video, ili amwone dada yake kwanza, asije akapofuka. Mke wangu, ambaye ni muuguzi na hapendi maneno mengi, amenipa kazi moja: Jumamosi saa kumi chumba cha mama kiwe na mtandao.

Kazi ndogo. Kichwa changu kimeshahamia kwenye kubwa.

Sisi tunakaa juu. Chini anakaa Fundi Saa, na karakana yake iko hapo hapo anapolala. Mtaa mzima ukikwama humkimbilia yeye. Mwaka juzi nilimpelekea saa yangu ya ukutani. Akaifungua, akaniambia mbele ya wateja wawili kwamba haikuwa na betri. Wateja wakacheka. Mmoja bado hucheka akiniona.

Fundi Saa hana intaneti. Atasikia harufu yake tu. Mpango: siku moja atapanda ngazi mwenyewe, aombe kuunganishwa. Nami nitafikiri kidogo kabla ya kumjibu. Kama wiki mbili.

Jumanne, 4 Juni

Nimepima chumba cha mama mkwe. Hakuna kitu. Simu inazunguka, inazunguka, inakata tamaa.

Nikachukua futi ya kushonea. Kutoka kwenye ruta hadi kwenye mto wa kitanda cha mama mkwe ni mita kumi na nne. Njiani kuna ukuta wa tofali, jiko, tangi kubwa la maji na kabati la vioo. Mama mkwe aliniuliza napima nini. Nikamwambia napima mtandao, umekuwa mfupi. Akasema ningeacha kitambaa cha pindo nisingepata shida. Kisha akageukia ukutani, mabega yakimtikisika.

Nikawaza kama fundi. Ukitaka mwanga wa taa uende mbele, unaweka kitu kinachong'aa nyuma yake. Nikachukua masinia matatu ya mke wangu, yale ya wageni, nikayasimamisha nyuma ya ruta, nikayafunga kwa utepe wa mapazia. Yalipendeza. Yalifanana na kitu cha kuongea na nyota.

Saa kumi na moja nikakutana na Fundi Saa uani. Kwa adabu zake zile zinazoudhi akanipa hongera. Akasema simu yake imeona mtandao mpya, umejaa tele pale kwenye kamba ya nguo.

Kamba ya nguo ina mtandao. Shuka zina mtandao. Mama mkwe hana.

Lakini nilisimama pale uani kwa muda mrefu nikitazama juu. Hewa tupu kati ya dirisha langu na ile kamba, na ndani yake tembo wanapita.

Jumatano, 5 Juni

Nimenunua ruta ya pili, iliyotumika, kwenye duka la simu. Muuzaji alisema hii itapokea kutoka kwa mwenzake na kupeleka mbele, kama watu wanaopokezana ndoo za maji. Nikampenda muuzaji yule.

Nilipitisha waya chini ya zulia la ujia hadi karibu na jiko. Nyuma ya ruta ya pili kuna matundu matano. Manne yanafanana, moja lina rangi yake peke yake. Nikachagua katika yale manne. Wengi hawawezi kukosea.

Taa zote zikawaka. Sasa nina nane. Nilizima balbu ya ujia ili nizione vizuri.

Baada ya dakika chache mtandao ukafa. Si chumbani kwa mama tu. Nyumba nzima. Simu inasema imeunganishwa lakini haipati kitu, kama mtu aliyekaribishwa ndani akaachwa sebuleni peke yake. Nikazima, nikawasha. Nikabadilisha nafasi za ruta. Nikazisemesha.

Mke wangu akarudi kazini akitaka kutuma ratiba ya zamu za wodini. Nikamwambia mtandao umepumzika. Akanitazama kwa ule utulivu anaowatazamia kina mama wenye uchungu wanaokataa kusukuma. Akaniuliza leo ni siku gani. Nikasema Jumatano. Akasema vizuri, basi bado unajua kuhesabu.

Zimebaki siku tatu kufika Jumamosi.

Alhamisi, 6 Juni

Leo nimegundua jambo nililofichwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Mama mkwe na Fundi Saa huzungumza.

Chumba chake kiko juu ya karakana. Sakafu ni ya mbao. Kila asubuhi yeye hugonga sakafu kwa fimbo mara mbili, na Fundi Saa hujibu kwa kugonga dari, halafu wanajuliana hali kupitia mbao, polepole, kila mmoja akipaza sauti kidogo. Tangu mwezi wa tatu. Mimi nilidhani ni panya.

Leo akagonga na kumwambia kwamba mkwe wake ameshindwa na vidude viwili, na Jumamosi inakuja. Dakika tano baadaye Fundi Saa alikuwa mlangoni, lenzi yake bado imefungwa kwenye paji la uso. Kweli, amepanda ngazi mwenyewe. Lakini si kwa namna niliyopanga.

Akaomba kile kitabu kidogo cha maelekezo. Nilikuwa nimekiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba. Akakisoma ukurasa kwa ukurasa, amesimama, kidole kikifuata mstari. Kisha akaeleza. Kila simu ikiingia kwenye mtandao hupewa namba yake. Ruta zangu mbili zilikuwa zote zinagawa namba, kama makarani wawili wa mapokezi katika zahanati moja, kila mmoja na vikaratasi vyake, wagonjwa wawili wanaitwa namba saba. Akaingia kwenye ruta ya pili kwa simu yangu, akaizuia kugawa. Ibaki kupokea na kupitisha tu.

Mtandao ukafufuka. Sikutaka kushangaa mbele yake, lakini nilishangaa. Ndani ya visanduku vile mna makarani. Wanaandikisha watu. Hawaonekani.

Ila chumbani kwa mama bado. Fundi Saa akaweka kiganja kwenye tangi la maji, akasema maji humeza mawimbi haya. Akasema njia ni kutoka chini. Waya ushuke nje ya dirisha la sebule, uingie karakana, ruta ya pili ikae juu ya kabati lake, chini kabisa ya kitanda cha mama. Mbao hazitaizuia.

Nikamwelewa mara moja. Anataka mtandao wangu ukae juu ya kabati lake. Nikamwambia nitafikiri. Akasema sawa, jirani, akashuka.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefikiri. Adui ni maji.

Mke wangu alipoondoka nikafungua koki na kumwaga tangi zima. Ilichukua karibu saa mbili. Uani kukawa na ziwa. Nikakimbia chumbani kwa mama na simu mkononi. Kulikuwa na mstari mmoja wa mtandao! Mmoja kati ya mitatu. Picha ya tembo ikatokea, ikaganda, tembo mmoja mguu juu. Nikamwonyesha mama mkwe. Akauliza kama mdogo wake naye atasimama hivyo.

Kisha nikafungua bomba lijaze tena. Bomba likakohoa. Leo mtaa hauna maji.

Mke wangu alirudi saa tisa, ametoka kuzalisha wawili, anataka kuoga. Aliketi ukingoni mwa kitanda cha mama yake, viatu mkononi. Ndipo mama mkwe akaniita nikae karibu. Akaniambia hivi, nami nanukuu:

“Baba, mimi nilimbeba yule mgongoni. Mama yetu alikuwa mgonjwa, nikambeba mimi mpaka alipojua kutembea. Kesho akinikosa, huenda asinione tena. Wewe unagombana na nani?”

Nikashuka ngazi. Ngazi kumi na sita, nimezihesabu kwa mara ya kwanza. Fundi Saa alikuwa akifunga kazi. Nikamwomba kabati lake. Hakufikiri hata kidogo. Akaondoa saa tatu zilizokuwa juu yake, akapangusa vumbi kwa mkono wa shati, akauliza kama nina waya wa kutosha.

Kisha akatupandishia ndoo mbili za maji aliyokuwa ameweka akiba.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi tulishusha waya. Mimi dirishani, yeye chini, akiupokea kama mtu anayepokea mtoto. Akauchomeka kwenye lile tundu lenye rangi yake peke yake. Nikatazama pembeni.

Chumbani kwa mama: mistari mitatu. Imejaa.

Saa kumi kasoro robo mke wangu akamvika mama yake kilemba cha buluu, akamwinua kwa mito. Mimi nikashona mfuko mdogo wa kuning'iniza simu kwenye reli ya kitanda, usitikisike. Fundi Saa alikataa kukaa nasi. Akasema yeye atakaa na ruta, isije ikamhitaji.

Saa kumi kamili ikaita.

Kwanza tuliona jicho. Jicho moja tu, limejaa simu nzima, lina ukungu katikati.

“Sogea nyuma, mdogo wangu, naona jicho tupu.”

“Niache kwanza, dada. Ndilo linalokuona.”

Likabaki pale. Linatembea polepole, kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayesoma barua. Halafu yule mdogo wake akasema kovu la kidevuni bado lipo. Mama mkwe akaligusa, kama vile alikuwa amelisahau. Akasema na wewe bado unakunja pua. Hapo ndipo mdogo mtu aliposogea nyuma, na tukamwona mzima: bibi mdogo wa umbo mwenye sweta, dirishani kwake asubuhi ndiyo kwanza inaanza. Huku kwetu jua linashuka. Chumba kimoja, asubuhi na alasiri pamoja.

“Umekuwa mama yetu mtupu,” akasema yule.

“Na wewe umekuwa mimi,” akajibu mama mkwe.

Wakalia kidogo, wakacheka sana, wakasengenya watu waliokufa zamani. Katikati mama mkwe akainua kichwa na kuuliza mbona saa za chini zimenyamaza. Ni kweli. Kila siku saa kumi karakana nzima hulia, saa kama arobaini, kila moja na kengele yake. Leo kimya.

Nikashuka kutazama. Fundi Saa alikuwa amezisimamisha zote, moja moja, kwa mkono. Amekaa kwenye kigoda chini ya dari, lenzi kwenye paji la uso, uso umeinuka. Juu ya kabati taa za kijani zinapepesa. Juu yake mbao. Kupitia mbao, vicheko vya wanawake wawili. Akaweka kidole mdomoni. Nikakaa sakafuni kando yake. Nilitazama dari ile muda wote uliobaki, nikijua kwamba uso wa mtu ulikuwa unapita mbele ya macho yangu kwenda juu kwa dada yake, na mimi siuoni.

Jumatano, 12 Juni

Habari njema. Ujumbe umefika asubuhi: upasuaji umekwenda vizuri, bendeji imetolewa, na kitu cha kwanza alichokiona ni vifungo vya koti la daktari. Kimoja kilikuwa kimefungwa vibaya. Leo saa kumi atapiga amwone dada yake kwa jicho jipya.

Fundi Saa anaendelea vizuri na intaneti. Amejifunza mengi kutoka kwangu.

Mchana huu, katika kufungua mipangilio ya ruta ile kubwa, nimekuta maandishi nisiyowahi kuyaona. Yanasema kuna programu mpya. Bonyeza hapa. Chini, kwa herufi ndogo, yanasema mambo fulani kuhusu kupoteza mipangilio yote ya zamani. Nikamuuliza Fundi Saa kwenye ngazi. Akasema nisiguse mpaka simu iishe. Nikampigia mke wangu kazini. Amesema hivyo hivyo, kwa sauti ya juu kidogo.

Hawana upeo. Mama mwenye jicho jipya atazamwe kupitia programu ya zamani?

Sasa ni saa kumi kasoro dakika sita. Kilemba cha buluu kimeshavaliwa. Nimebonyeza.

Taa zote nne zimezimika kwa pamoja, kisha moja imewaka nyekundu. Sikujua kama ina nyekundu. Ni nzuri ajabu.