Pijo Lililokataa Kupata Joto

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Zimebaki siku tano. Jumamosi nampeleka Kabibi kanisani Malindi, aolewe. Kabibi ni binti wa dada yangu. Pijo hili la mwaka sabini na nane lilikuwa la marehemu baba yake, aliyeniachia mimi nilitunze. Kabibi amesema haingii kanisani akitoka katika gari lingine. Alilia aliponiambia. Nami nililia, kidogo tu, nikijificha nyuma ya boneti.

Tatizo ni moja. Injini ina baridi. Hapa Ganda, ambapo saa nne asubuhi kuku wameshagombania kivuli! Mshale wa joto umelala chini kabisa, hauinuki hata nikienda mjini na kurudi. Injini inakohoa. Inakunywa petroli bila haya. Nyuma inatoa moshi mweusi, na gauni la Kabibi ni jeupe.

Gitau, jirani yangu mwenye duka la misumari na saruji, alichungulia juu ya ua akauliza kama nachoma makaa. Kisha akasema, kwa upole wa kuudhi, kwamba Benzi lake la zamani liko tayari iwapo mambo yataharibika. Hayataharibika!

Mke wangu Kache anataka nimwite Purity, fundi wa gereji ya njia ya Kakuyuni. Siwezi. Siku Purity alipofungua gereji nilitangaza mbele ya watu kwamba baada ya mwezi atakuwa anakaanga mahamri. Huu ni mwaka wa tatu. Magari yanapanga foleni.

Jumanne, 5 Agosti

Nimegundua! Injini haina baridi hata kidogo. Geji ndiyo mwongo.

Nilibandua kioo cha geji kwa kisu cha mkate, nikausukuma mshale kwa pini ya nywele ya Kache mpaka katikati. Ukakaa. Maridadi! Nikamwita Kache aje ashuhudie. Akatazama. Akauliza ufunguo uko wapi. Uko mfukoni. Akauliza gari liliwashwa lini. Jana.

"Baba Kazungu," akasema, "gari limelala tangu jana, homa limeitoa wapi?"

Akarudi jikoni kusonga sima. Niliwasha gari baadaye. Moshi ni uleule.

Jumatano, 6 Agosti

Leo nimetumia akili. Kinachopoza injini ni upepo unaopita kwenye rejeta, lile sanduku la maji lililo mbele. Basi uzuiwe! Nimeweka katoni mbele ya rejeta. Haikutosha, nikaongeza leso ya Kache, ile mpya, ambayo hajaivaa. Nilikusudia kuirudisha kabla hajajua.

Kilomita ya kwanza, safi. Ya pili, pangaboi la injini likaidaka leso. Sauti ilikuwa kama ng'ombe anayemeza mwavuli. Injini ikazimika. Na ilizimikia wapi? Mbele ya duka la Gitau! Barabara yote hiyo!

Gitau hakucheka. Hilo ndilo liliniuma zaidi. Alitoa kamba, akanivuta mpaka nyumbani kwa Benzi lake, akaninunulia na soda. Nikainywa. Nilikuwa na kiu.

Nimeikata leso kwenye pangaboi vipande vipande. Nilimwambia Kache imeliwa na mbuzi. Akanikumbusha kwamba hatuna mbuzi.

Alhamisi, 7 Agosti

Hila ya leo sikuwahi kuiona popote. Kupata ushauri wa Purity bila Purity kujua! Nilimpigia simu nikikaza sauti puani. Nikasema mimi ni Mzee Thuku wa Ngomeni, nina gari ambalo halipati joto.

Akasalimia kwa adabu, shikamoo na yote. Akaeleza kwa utulivu. Injini ikiwa baridi kabisa, niwashe, niushike ule mpira mkubwa wa juu unaoenda kwenye rejeta. Unatakiwa kubaki baridi dakika kadhaa, halafu upate moto ghafla. Ukianza kupata uvuguvugu mapema, polepole, basi thamostati ina kasoro. Ndicho kidude kinachoyazuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate joto. Imekwama wazi, au haimo kabisa.

Nikamshukuru kwa sauti ya Ngomeni. Akasema hakuna shida, nimsalimie Mama Kazungu, na nisisahau kwamba kuziba rejeta hakusaidii kitu, ameshasikia habari za leso.

Namba yangu anayo. Sikulifikiria hilo.

Nikaushika mpira. Uvuguvugu mara moja! Nikafungua nyumba ya thamostati. Tupu! Hakuna kitu! Nimeibiwa!

Nilijua mwizi ni nani. Nani mwingine anataka Benzi libebe bibi harusi? Nikaenda dukani nikamwambia Gitau mbele ya wateja wanne airudishe. Akaduwaa, mkononi ana kilo ya misumari. Kache akanifuata mbio, leso kiunoni, ile kuukuu. Akasema wote wasikie kwamba niliitoa mwenyewe mwezi wa Januari. Eti ni kifaa cha nchi za barafu, huku pwani ni mzigo.

Ni kweli. Nilisema hivyo. Tena nilisimama juu ya kiti.

Kidude chenyewe kiko nyumbani. Kache anasimamishia mshumaa stima ikipotea.

Gitau alinisamehe kabla sijamaliza kuomba. Mtu mgumu sana kumchukia.

Ijumaa, 8 Agosti

Kache mwenyewe alimpigia Purity simu. Amefika saa mbili asubuhi na sanduku la spana. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kueleza jinsi nilivyokuwa nimekaribia. Yakakataa kutoka. Nikamwambia tu kwamba siku ile ya mahamri nilikosea. Akanitazama. Akasema alilia siku ile, nyuma ya gereji, halafu akaenda kufungua gari la kwanza. Sikujua pa kuweka mikono.

Aliitia thamostati kwenye sufuria ya uji, akaiwekea maji na kuyachemsha. Nta ikaelea juu. Sote watatu tukainamia jikoni. Mara kidude kikafunguka chenyewe, taratibu, kama jicho la mtoto anayeamka. Kizima! Akakifunga, akasafisha plagi zilizojaa masizi, akaurudisha na mshale wangu mahali pake bila kuuliza.

Tukawasha. Mshale ukapanda. Ukafika katikati. Ukatulia. Moshi hakuna. Nilienda nyuma ya nyumba kidogo.

Kache hana tena sufuria ya uji.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumefika! Ganda mpaka Malindi bila kikohozi hata kimoja. Kabibi aliketi nyuma, akapapasa kiti alichokuwa akikalia babake akimfundisha kusoma. Akasema, "Mjomba, linanguruma kama zamani." Nikapiga honi.

Gauni lilibaki jeupe. Gitau alitufuata na Benzi, akiwa amebeba mashangazi.

Kwenye karamu niliombwa niseme machache. Nilisema kwa nusu saa, namna nilivyoutambua ugonjwa wa injini kwa kuushika mpira tu. Purity alikuwa meza ya tatu. Alifunika uso kwa kitambaa. Nadhani aliguswa.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya ibada Linet, mama anayeuza juisi ya ukwaju karibu na kituo cha boda, alinijia. Ameisikia hotuba. Friji lake linagandisha kupita kiasi, juisi inakuwa mawe. Je, nafahamu friji pia?

Nilipolifungua nyuma nilicheka. Kuna kidude! Chembamba, kina waya, kinaamua chenyewe friji lipoze lini na liache lini. Nani alikipa madaraka hayo? Nimemwambia Linet ni kifaa cha nchi za barafu.

Nimekitoa. Ninacho mfukoni. Kesho asubuhi tutaona matokeo.