Silinda Katika Tanuri la Bibi Kartari

Jumatatu, 7 Novemba 1994

Nimedharauliwa. Kikao cha harusi ya Prabhjot kimeamua kwamba Avtar, mjomba wa bwana harusi, ndiye atakayetangulia msafara na gari lake jeupe la Jeep. Mimi, mume wa shangazi mtu, nimepewa kazi ya kuhesabu vitanda vya wageni. Vitanda!

Nikasusa. Punjab nzima inajua kwamba mume wa shangazi lazima asuse harusini, na sikutaka kuwaangusha wenzangu. Nilikaa juu ya paa kwa saa tatu bila chai. Hakuna aliyekuja kunibembeleza. Nikashuka mwenyewe, maana nilisikia harufu ya pakora, vile vitafunio vya kukaangwa.

Hapo nikatangaza kwamba Jumapili nitatangulia mimi, na pikipiki ya marehemu baba. Avtar akauliza kama ni ile inayokaa ndani ya ndoo. Uongo mtupu. Ni injini tu iliyo ndani ya ndoo, na ni ndoo mbili. Baba wa bwana harusi, kaka wa mke wangu, akachoka kutusikiliza: ikiwaka Jumapili asubuhi, nitangulie. Kasema mbele ya watu!

Jumanne, 8 Novemba

Nimesugua silinda, kifuniko cha injini na bomba la moshi kwa msasa, nikaosha kwa petroli, nikapaka rangi ya fedha. Mkono wa fundi ninao, nashangaa kwa nini watu hawasemi.

Rangi isiingie kwenye matundu. Wengine huziba kwa karatasi. Mimi nilimega donge la unga uliokandwa katika beseni la Naseeb, mke wangu, nikaziba nao. Matundu kumi na moja. Nimeyaorodhesha kwenye kipande cha gazeti ili nisisahau hata moja.

Tatizo: mkebe unasema rangi hii haishiki mpaka iokwe polepole kwa saa nzima. Nikajaribu pasi. Pasi sasa ni ya rangi ya fedha, na suruali ya harusi ya Naseeb ina mstari mmoja mguuni. Nilimwambia ni mtindo wa Bombay. Nimekula dengu baridi.

Jumatano, 9 Novemba

Nilianika kila kitu juani, juu ya paa. Bahati yangu! Saa nne akapita mchambua pamba, na kwa kuwa baridi inakuja, kila nyumba ya uchochoro wetu ikatoa mablanketi yake ya pamba yachambuliwe upya. Hewa ikajaa pamba. Nilipopanda kutazama, silinda ilikuwa imeota ndevu kunishinda mimi.

Avtar alipita na gari lake, akasimama makusudi, akauliza kama ninafuga kondoo. Nikasugua yote upya, nikapaka upya, unga nikauacha palepale. Nilipokuwa nanawa nikamwona jirani yetu mzee, Bibi Kartari, akifunika tanuri lake. Kubwa. La udongo. La moto wa polepole. Nimekuwa nikiishi hatua kumi kutoka kwenye jibu!

Alhamisi, 10 Novemba

Tanuri la Bibi Kartari ndilo la mtaa mzima. Kila mwanamke huja na unga wake, hubandika mikate yake kwenye kuta za ndani, huondoka na habari za wenzake. Baada ya mikate ya mchana Bibi hulala kitandani kwake juani, na makaa hubaki yanafifia. Joto lile lile la kwenye mkebe!

Nikaning'iniza vyote kwa waya, nikafunika. Moshi kidogo ulitoka. Bibi akaamka, akauliza kinachoungua ni nini. Nikasema ni jirani anachoma tairi. Akamlaani jirani, akalala tena.

Vikatoka vinang'aa mpaka nilitokwa na machozi. Baba angeona! Rangi kidogo ilikuwa imetiririka kwenye kuta za tanuri, lakini moto husafisha kila kitu.

Ijumaa, 11 Novemba

Moto hausafishi kila kitu.

Wageni arobaini wamefika, na mikate yao ikatoka kwa Bibi Kartari inametameta upande mmoja. Nilitaka kukimbia. Lakini nyanya wa bwana harusi akainua mkate wake na kuubusu. Akasema barfi, ile halua ya maziwa, yenye karatasi ya fedha ya kuliwa ameila harusi nyingi, ila mkate wenye karatasi ya fedha hajapata kuuona maisha yake yote. Nani ametoa heshima kubwa hivi?

Nikasimama. Nikasema ni mimi, nisishukuriwe sana.

Kisha wakaonja.

Nyanya mtu alitema kwenye kilemba cha Avtar, jambo lililonifariji kidogo. Bibi Kartari alikuja na kijiti chake cha kuopolea mikate, akanipeleka kwenye tanuri kwa kunishika sikio, mbele ya mtaa mzima.

"Hili tanuri limelisha watoto wako wote, Tarlochan," akasema. "Leo umelipaka rangi kama kopo."

Akaupapasa ukingo wake. Niliona aibu kweli, karibu dakika nzima. Hukumu: nimjengee jipya kwa mikono yangu. Naseeb amepika mikate ya watu arobaini kwenye kikaango kimoja. Hasemi nami.

Usiku nikafunga injini. Nilitoa madonge kumi, yamekuwa mawe. Ile orodha walifungia pakora. Nafikiri yalikuwa kumi.

Jumapili, 13 Novemba

Yalikuwa kumi na moja.

Ngoma zinalia, Prabhjot yuko juu ya farasi jike mweupe, mimi mbele yake nimevaa nyeupe tupu. Avtar na gari lake nyuma! Nikapiga kiki. Kimya. Ya pili, ikakohoa. Ya tisa, ikawaka, kisha ikalia PUU, na donge la kumi na moja likatoka kwenye bomba la moshi kama risasi na kumpiga farasi kifuani.

Farasi akatoka mbio na bwana harusi. Akanipita mimi, akaupita mtaa, akafika kwa kina bibi harusi robo saa kabla ya ndugu hata mmoja. Walimpokea wakidhani amewatoroka ndugu zake. Mimi nilifika wa mwisho, nikisukuma pikipiki, mguu mmoja wa suruali umegeuka fedha. Rangi haikushika.

Naseeb aliokota lile donge, akaligonga kwa ukucha, akalinusa.

"Baba Rimpi," akasema, maneno yake ya kwanza tangu Ijumaa, "huu ni unga wangu."

Hata hivyo iandikwe hapa: iliwaka. Na kabla ya farasi, aliyekuwa mbele ni nani?

Jumatano, 16 Novemba

Nimemaliza tanuri. Udongo, makapi ya ngano, manyoya ya mbuzi, siku mbili za kukanda. Bibi Kartari amelikagua, akaguna, akanisamehe, hata akanipa chai. Akauliza tu kwa nini mdomo ni mpana hivi. Nikamwambia ni kwa mikate mikubwa, familia zinaongezeka.

Tangi la petroli la pikipiki linapita bila kugusa ukingo. Nimelipima mara mbili. Mdogo wake Prabhjot anaoa Februari.