Norman wa Rwezamenyo

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Sijamwambia mtu: nataka kuwa motari, dereva wa pikipiki za abiria. Mimi, ninayeona aibu hata kusalimia wateja wa Mama. Shule imekwisha, mtaa wetu wote wa Rwezamenyo unapita kwa pikipiki, na mimi nataka kuendesha. Leo nimetafuta helmeti kwenye simu ya Mama. Kisha nikafuta kurasa zote. Usalama kamili.

Jumanne, 5 Agosti
Simu imejaa matangazo ya helmeti. Mama ameacha cherehani, akamuuliza Baba, anayeiazima simu hiyo kila jioni: kumbe Munyaneza unataka pikipiki, na goti hilo? Baba ameapa hajui lolote. Mimi nilimenya ndizi kwa bidii.

Jumatano, 6 Agosti
Mpango mpya: kuichanganya simu. Nimetafuta vifaranga, mabanda, meno ya bandia. Kufikia jioni Mama anaamini Baba anataka pikipiki ya kubebea kuku. Meno bado anayafikiria. Maskini Baba.

Alhamisi, 7 Agosti
Dada yangu Yasmina anajua kompyuta. Nimemuuliza, kwa niaba ya rafiki. Akasema rafiki atumie dirisha la faragha, halibakizi alama kwenye simu. Akaongeza kuwa halimsaidii mtu anayejitaja mwenyewe. Hilo halinihusu. Nimelifungua, nikafanya mtihani wa majaribio wa provizwari, leseni ya muda, ule wa sheria za barabarani, kwa jina la kubuni, Norman, miaka hamsini na miwili. Waliomba namba ya simu. Nikaweka ya Mama. Ndiyo pekee ninayoikumbuka.

Ijumaa, 8 Agosti
Ujumbe umeingia Mama akimpima mteja gauni. Akausoma kwa sauti: hongera Norman, umepata kumi na tisa kwa ishirini. Akauliza huyu Norman analala chumba gani. Yasmina alicheka mpaka akakaa chini. Nikakiri, nikiangalia sakafu. Baba alishusha pumzi, akasema mtihani huo yeye ulimwangusha mara tatu. Mama aliendelea kupima gauni. Nilidhani ndoto imeishia hapo. Kisha akasema Norman akipata leseni, abiria wa kwanza ni yeye, kupeleka magauni Kabuga, na aendeshe polepole.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimeamka nikiimba. Nimefungua ukurasa wa siri mtandaoni wa safari yangu ya umotari. Jina: Winifred. Picha: mimi ndani ya helmeti ya jirani, uso hauonekani kabisa. Nyuma yangu ni kibao cha duka la Mama, na namba yake, kimetoka vizuri sana. Hakuna atakayenitambua. Nawe uliyesoma hapa, tafadhali, ibaki kati yetu.