Klachi ya Mama Mkwe

Jumatatu, 12 Januari 1976

Trekta limekufa. Klachi imeungua. Method, dereva wetu, amekaa juu ya tairi kama mfiwa. Nikamwambia wazi kwamba wafiwa ni sisi, yeye ndiye muuaji. Kisha nikampelekea uji, maana alikuwa hajala tangu asubuhi.

Jioni mkutano. Waitara, mwenyekiti wa kijiji, kasema shamba la kina mama, eka kumi na mbili, lisipolimwa ifikapo tarehe saba Februari, linarudi kwa wanaume, wapande tumbaku. Wanaume wakapiga makofi. Nikasimama nikasema klachi nitaileta mimi, siku tatu tu. Verdiana, mwenyekiti wa kikundi chetu, akakohoa. Haumwi kifua. Kikohozi kile nakijua.

Mwalimu wa kisomo amesema tuandike kila siku ili mkono usisahau. Haya, nimeandika. Mkono unauma.

Jumatano, 14 Januari

Nimefika Tarime mjini, Bomani, kwa Nashoni, wakala wa matrekta. Kijana mzuri, tai shingoni, simu mezani. Ukutani picha ya kiwanda huko Ulaya, kinatoa moshi, na Mzungu anacheka.

Nashoni hakucheka. Kasema klachi hazijaja. Kiwanda kimechelewa. Meli imechelewa. Bandari imejaa. Mwanza hawajibu simu. Nikatoka nikiwa na hasira na Wazungu wote.

Nikakaa barazani nipumzishe miguu. Akapita Benedicto wa kijiji cha bondeni, anamwita Nashoni shemeji, wanasukumana mabega, wanataniana kuhusu kitambi. Punde Benedicto akatoka na boksi kwapani. Nikamuuliza ni nini. Kasema klachi, bibi.

Kumbe meli huwa inafika. Inafika kwa mashemeji.

Alhamisi, 15 Januari

Nimelala Nkende kwa binti yangu Felista, fundi cherehani. Asubuhi nikarudi kwa Nashoni na ukoo. Nikamhesabia mababu zangu saba, nikamwambia bibi yangu na bibi yake walichota maji mto mmoja, kwa hiyo sisi ni ndugu. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema mto ule nusu ya Tarime wanachota.

Mambo ya undugu hakuna wa kunifundisha mimi. Kama damu haipo, itatengenezwa.

Jumamosi, 17 Januari

Nimepata. Nashoni ni mjane mwaka wa tatu sasa. Anakula chapati baridi juu ya karatasi za kiwanda. Upindo wa suruali yake umeshikwa na pini. Na mimi nina binti wa miaka ishirini na nane mwenye cherehani.

Felista kagoma. Kasema haolewi kwa ajili ya klachi. Nikamwambia nani kataja kuolewa, peleka sindano tu, mtoto wa watu anatembea na pini. Akasema, na huyo akiwa mkweo utamwombaje kitu? Mume wa dada Nyangi umekwepana naye miaka kumi na moja, unamjua kwa kisogo.

Ni kweli, mkwe wangu wa Robanda uso wake siujui. Nikiingia yeye anatoka, akija yeye mimi nafunika kichwa. Ndiyo heshima yetu. Lakini huyo ni mtu wa shamba. Nashoni ana simu. Mwenye simu mambo hayo ameyaacha zamani.

Felista akaenda na sindano. Upindo mmoja wa suruali umemchukua saa mbili na nusu. Karudi anaimba.

Jumapili, 25 Januari

Wazee wa Nashoni wamekuja baada ya misa, bila kuchelewa hata kidogo, wala bandari haikujaa. Wameeleza shida yao, tumewaelewa haraka. Ng'ombe watafuata. Nikapiga vigelegele mpaka kuku wakaingia ndani.

Felista alicheka kama alivyokuwa akicheka akiwa na miaka sita. Amempenda kweli. Nimelia kidogo. Nikawaambia ni moshi, na moto ulikuwa haujawashwa.

Verdiana akaniuliza kwa sauti ya pole kama klachi nayo imeposwa. Nikamwambia kesho kutwa atakula maneno yake.

Jumanne, 27 Januari

Sijui nianze wapi.

Nimefika Bomani nimevaa kanga mpya. Nashoni kaniona nikiwa bado ng'ambo ya barabara. Akaruka dirisha la nyuma. Mtu mzima, mwenye ofisi. Tai ikanasa kwenye msumari, akaiacha. Simu ikalia, hakuna wa kuipokea.

Mlango u wazi. Boksi la klachi nimeliona kwa macho yangu, rafu ya pili, limeandikwa jina la kijiji chetu, ameliweka tayari. Hatua nne tu. Lakini mguu wangu ukagoma kizingitini. Mama mkwe haingii chumba cha mkwewe. Ningeingia, ningeambiwa nini kaburini?

Nikaugeukia ukuta wa nje, nikajifunika, nikauambia ukuta kwamba nimekuja kwa ile shida yetu. Nyuma ya tangi la maji sauti ikasema shikamoo mama. Nikasema marahaba baba. Nikasikia viatu vinakimbia.

Wateja watatu walikuwa barazani. Wakaniuliza nimemfanya nini wakala. Nikawaambia nimempa mke.

Jumatano, 28 Januari

Nimemtuma Method. Karudi mikono mitupu. Nashoni amekataa, eti hawezi kukabidhi klachi ya mama mkwe wake kwa mtu aliyeunguza ya kwanza. Heshima gani hii? Amesema waje na mama mwenye umri wa mama mkwe, mwenye cheo katika kikundi, ampe kwa mikono miwili.

Mama mwenye umri wangu na cheo katika kikundi. Yuko mmoja tu kijiji kizima.

Nimelala mapema. Naumwa kichwa.

Jumamosi, 31 Januari

Wiki moja imebaki. Waitara jana kaonekana shambani kwetu anapima kwa hatua, na mfuko wa mbegu za tumbaku. Basi jana hiyo hiyo nikaenda kwa Verdiana.

Nikamwomba. Akasema hakusikia vizuri, sikio la kulia. Nikamwomba sikio la kushoto. Akasema jambo hili ni la kikundi, niombe mbele ya kina mama. Nikaomba mbele ya kina mama. Akasema atafikiri. Akafikiri huku anasuka kikapu, akamaliza kitako chote. Akakubali.

Leo mchana amerudi kwa pikapu ya Nashoni mwenyewe, kaletwa mpaka uani kwenye mji wake, boksi mapajani kama mtoto mchanga. Pikapu ilizunguka nje ya njia ili isipite mlangoni kwangu. Heshima.

Kaketi kusimulia. Nashoni kampa kiti chake. Kampa chai ya maziwa, mkate, na kofia yenye jina la trekta. Kamfungulia boksi, kamweleza kila skrubu. Verdiana anasema wale Wazungu wa kiwandani ni watu wema ajabu, hajaona watu wakarimu kama wale.

Watu wa kiwandani! Hawajui hata Tarime iko upande gani. Chai ile imelipwa kwa binti yangu.

Alhamisi, 5 Februari

Trekta limewaka. Method ameibembeleza klachi kwa mguu mmoja kama anakanyaga yai. Jana eka saba, leo tano. Kumi na mbili. Udongo mweusi umegeuka, unanukia, kina mama tunacheza nyuma ya plau mpaka vumbi limefika kwenye meno. Waitara kavua kofia, kasema hongereni. Mfuko wa tumbaku kauficha nyuma ya mgongo. Nikamwambia asiuone haya, akaupande kwake, tutamsaidia kupalilia. Tutamsaidia kweli.

Verdiana kapanda juu ya bawa la tairi na ile kofia, anapunga mkono kama yeye ndiye aliyeunda trekta. Jua likawa kali, nikampelekea maji. Kanishika mkono akanivuta juu, tukabanana hapo wawili. Makalio yake ni makubwa. Tulicheka mpaka Method akasimamisha.

Halafu nikamwambia Method, kwa kuwa moto upo, apitie na kile kipande changu nyuma ya nyumba. Akasema kina mawe. Nikasema mawe madogo.

Jumapili, 8 Februari

Mawe si madogo. Diski mbili za plau zimepasuka.

Ng'ombe wa Felista wamefika juzi, wazuri, mmoja ana pembe moja imeangalia chini. Felista naye kaleta salamu za Nashoni: diski hana kabisa, safari hii ni kweli. Ziko Mwanza, kwenye stoo ya kampuni, na mtunza stoo ni Nyangwine, mtu wa huku huku Tarime, mgumu, hata Nashoni mwenyewe huzungushwa naye. Huambiwa meli imechelewa.

Nimekaa nimefikiri. Kosa langu nimeliona. Umama mkwe ndio uliharibu. Mkwe anakimbia, lakini shemeji hakimbii. Shemeji unamtania, unamsukuma bega, unatoka na boksi.

Sina mtoto wa kiume. Kwetu mama asiye na mtoto wa kiume ana ruhusa ya kuoa mwanamke mwenzake, amzalie watoto wa kujaza mji wake, mradi awe na ng'ombe. Ng'ombe ninao, wanakula majani hapa mbele yangu. Na Nyangwine ana dada, Efrazia, mjane, mwenye nguvu na kauli, anatafuta mji wa kutulia. Nikimwoa Efrazia, Nyangwine ni shemeji yangu.

Nimeshamtuma Verdiana akanisemee. Kaenda mbio, na kofia kichwani.

Felista anasema Efrazia na kaka yake hawajasalimiana mwaka wa nne sasa, na kwamba wakikutana njiani hurushiana mawe. Hilo ni jambo dogo. Nitawapatanisha Jumatano, na Alhamisi nachukua diski.