Kuhusu Fundi Anayekwaruza Paneli Zetu Mpya

Meneja Mkuu na Baba Mkubwa wangu,

Shikamoo. Hiyo ni ya nyumbani. Ya ofisini nitaitoa Jumatatu kikaoni.

Tangu uniteue kuwa Mkaguzi wa Ubora, kwa sifa nilizozaliwa nazo, nimevumilia mengi. Sasa yamenifika shingoni. Nalalamika juu ya fundi wa mashine ya leza, yule mama tunayemwita Miwani, na naomba aachishwe kazi wiki hii kwa sababu zifuatazo:

1. Anakwaruza mali mpya. Kiwanda kinahangaika kupaka kioo tabaka jembamba la kunasa jua, likishang'aa yeye analichana kwa mwanga kutoka juu hadi chini. Eti anaigawa paneli iwe vyumba vidogo vidogo vya umeme. Nani alilalamika kuwa chumba kimoja hakitoshi?

2. Hana msimamo. Anachora mstari wa kwanza ili vyumba vitengane, linapakwa tabaka jingine, anachora wa pili ili viungane, kisha wa tatu vitengane tena. Ndoa za namna hiyo tunazo katika ukoo, na hatuzilipi mshahara.

3. Nafasi iliyo kati ya mistari hiyo haitoi umeme, mwenyewe anakiri. Yaani anaua kipande cha paneli mchana kweupe, halafu anajisifu kuwa amekiua chembamba.

4. Alinizuia mlangoni mpaka nivae miwani ya kinga. Mimi, damu yako. Nilivaa, lakini moyoni nilikataa.

Kwa kuwa sipendi maneno matupu, nimeshachukua hatua. Alipokwenda likizo niliamuru paneli kadhaa zisichorwe hata mstari mmoja. Zimetoka laini, unaweza kujitazama humo ukinyoa ndevu. Nashauri zote ziwe hivyo, na nafasi yake apewe shemeji yangu, ambaye hajui kuchora kabisa.

Wasalimie wote nyumbani, na Mama Mkubwa umwambie zawadi yangu iko njiani.

Mwanao mtiifu,
Mkaguzi wa Ubora

Tanbihi: Barua imekaa mezani siku mbili kabla sijaituma. Zawadi ilikuwa hizo paneli laini. Zimefungwa jana juu ya paa lenu, badala ya zile za zamani. Mama Mkubwa amenipigia simu: friji imezima, pampu haivuti maji, na anamtaja marehemu baba yangu kwa ubaya. Miwani, niliyemkatiza likizo, anasema chumba kimoja hakina nguvu ya kuendesha hata friji, ndiyo maana huvigawa na kuviunganisha, na kwamba hazitengenezeki tena, maana mstari wa kwanza huchorwa kabla tabaka la pili halijapakwa. Tafadhali usimfukuze. Ila kama ni lazima mtu afukuzwe, shemeji yangu yuko tayari kuajiriwa leo.