Injini Ilipopoa kwa Bi Beletu

Zerihun alimwona Dagim kabla Dagim hajakaa. Mtu anayefuta kiti cha mgahawa kwa karatasi, kisha anamuuliza mhudumu kama maziwa yamechemshwa, huyo amerudi juzi kutoka ng'ambo na bado hajui bei ya kitu chochote. Pale Piasa, katikati ya Addis, watu wa aina hiyo hawapatikani kila siku. Zerihun akachukua kikombe chake, akahamia meza ya pili bila kualikwa.

Nisieleweke vibaya. Zerihun hakuwa mwizi. Mwizi huchukua. Zerihun alikuwa akipewa, tena kwa mikono miwili, na wengine walimshukuru. Alikuwa dalali wa chochote chenye mwenyewe na kisicho na mwenyewe, na ulimi wake ulikuwa laini kiasi kwamba hata waliokwisha kuibiwa naye walikuwa wakimsalimia njiani.

Ila wiki ile hakuwa anacheza. Alikuwa amechukua dhahabu ya mkewe Meseret, mkufu na zile hereni kubwa alizopewa na mama yake siku ya ndoa, akaziweka rehani kwa sonara na kununua gari kuukuu la Kijapani, rangi ya samli, ili aliuze kwa faida. Huku kwetu Addis gari halizeeki, linapanda bei tu. Meseret hakujua lolote. Dada yake alikuwa anaolewa Jumapili, na sonara alishasema: Jumamosi jioni ikipita, nayeyusha.

Na gari lenyewe, balaa tupu. Kila asubuhi ukiliwasha, injini inapiga karakara kama kopo la misumari. Ikishapata moto, kimya, utadhani gari la balozi. Fundi mmoja wa gereji alisikiliza akiwa amefumba macho, akatikisa kichwa: cheni ya taimingi, ile ya ndani ya injini, imekwisha, na kuitengeneza ni gharama inayokaribia bei ya gari. Hapo Zerihun akaelewa kwamba aliuziwa injini ikiwa ya moto. Alikasirika sana, jinsi ambavyo mtu yeyote mwaminifu angekasirika. Watu wamekuwa wabaya, alijisemea. Kisha akaanza kumtafuta mtu wa kumuuzia injini ikiwa ya moto.

"Kaka," alimwambia Dagim, "samahani, hicho kiti ni salama. Mimi nakikalia tangu niko shule."

Dagim akacheka. Mtu akishacheka na Zerihun, nusu ya kazi imekwisha.

"Unatafuta gari?" aliuliza Zerihun.

"Nani kakuambia?"

"Viatu vyako. Hivyo si vya kutembelea."

Dagim alikuwa kweli anatafuta gari, ila alikuwa na tamaa iliyomzidi kimo. Aliposikia kwamba gari la Zerihun linauzwa kwa haraka kwa sababu ya matatizo ya kifamilia, macho yake yakang'aa. Akaanza kukata bei. Zerihun akashika kifua.

"Unaniua, kaka yangu."

"Si umesema una haraka?"

"Haraka ninayo, lakini na roho pia ninayo."

Alijiachia akatwe bei kidogo kidogo, huku akiugua, mpaka ikafika bei ambayo ingekomboa dhahabu yote na kubakiza faida ya kununulia suti ya harusini. Walishikana mikono. Dagim alitoka akiamini amemnyonya mtu mwenye shida, na furaha hiyo ndiyo hasa Zerihun aliyokuwa akiwauzia watu. Gari lilikuwa nyongeza.

"Pesa iko kwa shangazi yangu, kule Gulele," Dagim alisema. "Lete gari kesho saa nane mchana. Anapenda kuona kitu kabla hakijalipiwa."

Shangazi! Zerihun karibu ambusu.

Ijumaa hiyo alizunguka na gari mji mzima mpaka mshale wa joto ukasimama pale anapoutaka, kisha akapanda nalo Gulele. Aliingia uani injini ikinguruma kwa adabu. Dagim alizunguka gari, akapiga teke tairi moja, kwa kuwa aliwahi kuona watu wakifanya hivyo.

"Washa tena," alisema.

Zerihun akazima, akawasha. Kimya. Ungeweza kumlaza mtoto juu ya boneti.

"Safi sana," alisema Dagim. "Shangazi, leta ule mfuko."

Shangazi mwenyewe, Bi Beletu, alikuwa amesimama mlangoni, mama wa makamo, mnene, shela nyeupe begani. Hakulitazama gari. Alimtazama Zerihun kwa huruma nyingi.

"Mwanangu, umetoka mbali. Utalipwaje umesimama kama mdai? Ingia kwanza unywe kahawa."

"Nashukuru, mama, ila leo nina haraka, nina mgonjwa wa kumwona."

"Atapona haraka akisikia ulikunywa kahawa kwa watu. Ingia."

Hapa lazima niwaulize nyinyi mnaomcheka Zerihun: mngefanya nini? Kahawa ya kwetu haikataliwi. Aliingia, akaketi juu ya kigoda, akaona majani mabichi yametandazwa sakafuni, ishara ya kahawa kamili ya vikombe vitatu, na moyo ukamshuka. Kahawa yenyewe ilikuwa bado mbichi, kwenye sahani, haijaonja moto.

Bi Beletu aliichambua punje kwa punje. Akaiosha. Akaikaanga taratibu, akawapitishia moshi wageni wanuse, na Zerihun akanusa na kusifu huku akihesabu kichwani joto la injini. Majirani wawili waliingia. Ubani ukawashwa. Kahawa ikatwangwa.

"Mama, gari nimeliacha vibaya," alisema Zerihun akiinuka. "Nikalisogeze kidogo tu."

"Liko vizuri. Kuku wangu wameshalala chini yake. Usiwasumbue, mwanangu."

Kikombe cha kwanza kikaja, na bisi, na shayiri ya kukaanga. Kikombe cha pili kikaja na habari ndefu za talaka ya mtu ambaye Zerihun hamjui. Akaitazama simu yake iliyokuwa haijalia, akaiweka sikioni.

"Haloo? Eee. Ah, kaka, subiri basi, nakuja na gari sasa hivi." Akashusha simu, uso wa masikitiko. "Mnunuzi mwingine. Ameongeza bei. Tumalize, au niende zangu?"

Dagim akashtuka, akainuka nusu. Bi Beletu alimwekea mkono begani, naye akaketi tena.

"Mwambie aje naye anywe," alisema. "Bado ya tatu, na ya tatu ndiyo ya baraka. Utaikimbia baraka nyumbani kwangu?"

Jirani mmoja akaguna, "Haikimbiwi." Zerihun akakaa. Jua likazama nyuma ya mikaratusi ya mlima Entoto, na baridi ya Gulele ya mwezi wa kwanza, isiyo na haya hata kidogo, ikaingia mpaka ndani ya soksi zake. Aliwazia ile injini kule nje ikipoa taratibu, akatamani kuifunika blanketi.

Baraka ikanyweka. Bi Beletu akafuta mikono.

"Haya, sasa na mimi nilisikie gari."

Walitoka wote. Zerihun aliketi nyuma ya usukani, akamwomba Mtakatifu Gabrieli, ambaye alikuwa hajazungumza naye muda mrefu, akageuza ufunguo.

Karakarakarakara! Kuku walitawanyika uani. Kisha, baada ya muda mfupi, injini ikatulia.

Zerihun alijirudi upesi, tabasamu na yote.

"Hiyo? Hiyo filta ya oili tu! Kitu cha bei chee. Unabadilisha, mchezo umekwisha. Naapa kwa Mtakatifu Mikaeli."

Yeye mwenyewe alijua ni uongo. Alijua ni cheni.

"Filta," alisema Bi Beletu polepole. Akajifunga shela vizuri, akaweka kiganja kwenye boneti kama anayempapasa maiti. "Mwanangu, marehemu mume wangu aliendesha teksi mpaka anakufa. Ile injini yake ya kwanza ilianza hivi hivi. Akasema filta, filta. Cheni ikakatika barabarani, ikala vali zote. Pole sana."

"Pole," walisema majirani kwa pamoja. Mmoja alifuta macho kweli.

"Cheni?" Dagim akaruka hatua nyuma. "Nilijua! Nilijua kuna kitu. Mimi silitaki!"

"Mama, si cheni," alisema Zerihun. Ni kazi kubwa kuwabishia watu jambo ambalo wewe mwenyewe unaliamini. Ulimi ule uliowahi kumuuzia mtu kisima kisicho na maji ukakwama mdomoni.

"Nakuonea huruma," Bi Beletu alisema. "Ungekuwa mwanangu ningelia. Sasa utalifikisha wapi hili, likufie njiani usiku? Liache hapa. Nitakupa bei ya vyuma chakavu, kuku wangu wapate pa kulala."

Zerihun alifikiria kesho Jumamosi, akamfikiria sonara na makaa yake. Alitaka kukataa. Alitaka pia kulia. Akaandika karatasi ya mauziano kwenye goti lake, akapokea pesa, akateremka Gulele kwa miguu. Ukiniuliza mimi, ile huruma ya Bi Beletu ilimuuma kuliko bei.

Asubuhi alirudi kupeleka ufunguo wa akiba, na kuomba nyongeza, akiwa ameshaandaa machozi. Alifika getini kukiwa bado na ukungu. Uani, Dagim alikuwa ameketi nyuma ya usukani, umande umelifunika gari zima.

Injini ikawaka. Zerihun akakaza meno kusubiri karakara. Haikuja. Injini ililia sauti moja laini, baridi kama ilivyokuwa, na kuku hawakuinua hata vichwa.

"Karibu, mwanangu," alisema Bi Beletu. "Umemkuta Dagim anaondoka na gari lake. Nimemuuzia kwa bei ileile mliyokubaliana. Ni mtoto wa ndugu yangu, sikutaka kumwongezea."

"Umebadilisha cheni usiku?"

"Cheni ya nini? Filta. Si ulisema mwenyewe?"

Zerihun alishika nguzo ya geti.

"Cheni iliyokwisha hainyamazi hivihivi," Bi Beletu aliendelea kwa upole. "Ukikanyaga mafuta inakujibu. Hili lililia kidogo, oili ikapanda, likatulia. Kuna mtu aliliwekea filta ya hovyo, haishiki oili, yote inashuka chini gari likilala. Sijui ni nani bahili kiasi hicho."

Zerihun alimjua. Siku aliyonunua gari alimwaga oili, akaenda soko la Merkato, akachagua filta ya bei ya chini kuliko zote. Hakulala nalo hata usiku mmoja kabla ya hapo, asijue kwamba karakara imeanza na filta hiyo.

"Ulijua tangu jana, mama?"

"Wewe ndiye uliyesema, tena kwa kiapo. Mimi nilikuamini. Aliyekataa kukuamini ni wewe mwenyewe." Akamfungulia mlango. "Ingia, maji yako motoni."

Kwa mara ya kwanza katika historia ya Gulele, mtu alikimbia kahawa.

Ile pesa ya vyuma chakavu sonara aliigeuza mara mbili mkononi, akafungua droo, akamrudishia hereni moja.

Meseret alikuwa kitandani, gauni la kuvaa harusini limetandazwa kando yake, kopo la kutunzia dhahabu liko wazi magotini. Alikuwa ameshaangalia. Zerihun aliweka ile hereni juu ya shuka. Meseret akaiangalia, akamwangalia.

"Masikio yangu mangapi, Zerihun?"

Akafungua mdomo, na kwa desturi yake akatafuta uongo. Hakuupata. Aliona aibu, akamwona mkewe amechoka, akampenda ghafla mpaka kifua kikamuuma. Kwa hiyo akasema kweli. Alisimulia yote: rehani, gari, karakara, fundi, kahawa tatu, majirani waliompa pole, filta aliyoinunua kwa mkono wake, na jinsi alivyowaambia watu ukweli bila kujua kuwa ni ukweli.

Meseret alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaifunga ile hereni kwenye kitambaa, akalikunja gauni, akatafuta viatu vyake chini ya kitanda.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mama." Machozi yalikuwa yakimtiririka naye hayafuti. "Miaka yote hii umenidanganya vizuri, Zerihun. Leo hata hukujitahidi."