Tunacheza Mamba

Jumatatu, 8 Julai
Baridi ya Lobatse imeingia mpaka ndani ya soksi. Lakini wazee wetu wako tayari kwenda kumposa Gorata! Kikwazo ni kimoja tu: Mjomba Olefile, kaka wa mama yake. Yeye asiposema ndiyo, hakuna mwingine wa kusema. Na tangu astaafu reli akajifunza gemu la mapanga na mazimwi, hasikii la mwadhini. Kasema atanipima humo humo. Eti mtu hujulikana kwa anavyogawa pointi za shujaa wake. Pointi ishirini: nguvu, akili, wepesi, ulimi. Rahisi! Zote nguvu. Nani atamnyima mke mwenye shingo kama ile?

Jumanne, 9 Julai
Aibu. Jitu langu limekuta mlango wenye kibao "Sukuma". Halijui kusoma. Limevuta mpaka likafa njaa. Mjomba kacheka hadi kikohozi. Shujaa wake ana tano kila mahali, sawasawa kama mgao wa nyama ya msibani. Gorata kajenga mganga asiyeshika hata kisu, na ndiye aliyenifufua.

Mjomba akasema, "Wee Thuso, misuli mitupu ndiyo itanitunzia mpwa wangu?" Kisha akauliza kwetu tunacheza nini. Nikamjibu jitu, ila nitabadilisha. Akaguna. Akasema kwao wanacheza mamba, tangu enzi za mababu. Mababu walikuwa na gemu? Mzee huyu! Ila nimemwelewa. Mwisho wa pango kuna mamba mkubwa. Nikimuua mbele yake, mke ninaye.

Ijumaa, 12 Julai
Shujaa mpya. Pointi zote ulimi! Leo katika mazoezi amembembeleza mlinzi wa pango mpaka akapewa shoka, buti na chakula cha mchana. Shoka hilo ndilo la mamba. Gorata akauliza, kwa upole, nani atalibeba kama nguvu ni sifuri. Wivu huo.

Jumamosi, 13 Julai
Nimepeleka magwinya, yale maandazi yetu, ya moto, mzee akala sita. Tukaingia pangoni. Mamba akaibuka majini, mrefu kama behewa. Mjomba akaweka vibonyezo chini, akanitazama.

Nikainua shoka. Halikuinuka! Nikabonyeza hiki, nikabonyeza kile, jasho lanitoka Julai hii. Neno moja tu likawaka: "Salimia". Basi shujaa wangu akavua kofia, akapiga magoti, akamwamkia mamba na kumwomba njia. Mamba akafumba macho, akazama zake.

Mjomba akalia. Machozi kabisa! Akasema miaka yote anaishia hapo na kurudi, mkono wake haumnyanyukii yule, na wala hakujua kwamba anaweza kusalimiwa. Tukavuka pamoja. Ng'ambo kulikuwa na malisho na mbuzi watatu tu. Akawatazama muda mrefu, akanishika bega. Kisha akamwambia Gorata, "Waambie wazee wake waje. Huyu kalelewa." Nikataka kumwambia habari za shoka. Gorata akanikanyaga mguu. Nampenda sana mwanamke huyu.

Jumapili, 14 Julai
Gorata kanieleza kirefu. Kumbe kucheza mamba si gemu, ni kumchezea ngoma mnyama wa heshima wa ukoo. Hawamuui, hawamli, hata ngozi yake ha... Hapo ikabidi nichague ndevu za shujaa wangu mpya (nguvu ishirini, safari hii ana buti), kwa hiyo mwisho sikuusikia vizuri. La msingi nimelishika: mamba ni kitu kikubwa sana kwao.

Posa ni wiki ijayo, na mkono mtupu haulambwi. Nimemwendea muuza ngozi pale stendi. Mkanda na viatu vya Mjomba, mamba halisi, saizi yake kabisa. Sijamwambia Gorata, nataka washangae wote pamoja.

Mzee atalia tena!